Zuia mbu, usizuie hewa

Msomaji wangu, Juni na Julai baridi ya usiku Shinyanga na Geita hukufanya uzibe kila tundu la nyumba kwa matambara na magunia. Kuziba si kosa: uwazi kati ya ukuta na bati ni njia kuu ya mbu wa malaria. Lakini ziba kwa wavu, unaozuia mdudu na kupitisha hewa.

Kwanza, kwa sababu ya jiko la mkaa. Likiingizwa ndani ili muote moto, hata lisipotoa moshi, hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha mtu hulala asiamke.

Pili, kifua kikuu. Vumbi la miamba huharibu mapafu ya mchimbaji, na TB humpata kwa urahisi. Akikohoa chumbani pasipo hewa, vijidudu hubaki humo na watoto huvivuta.

Ziba nyufa za ukuta kwa udongo au saruji, weka wavu juu na dirishani, jiko libaki nje. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda kituo cha afya. Matibabu ya TB ni bure.