Kikaragosi cha Kidijitali kwa Bajeti ya Mumias: Ununue Nini Kwanza?

Unataka kusimulia habari za Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, au kufundisha hesabu mtandaoni bila kuonyesha sura yako? Kikaragosi cha kidijitali kitakusemea. Kamera ya simu husoma uso wako: ukikonyeza kinakonyeza, ukicheka kinacheka.

Kama uko Mumias na mfukoni una shilingi elfu ishirini, usikimbilie simu mpya. Pima kwanza njia hizi tatu.

Android uliyo nayo. Programu za kuanzia ni za bure. Kamera ya kawaida hukisia uso kutokana na picha, kwa hivyo kichwa, macho na mdomo hufuatwa vizuri, lakini mashavu na ulimi kwa shida. Kinachohitajika zaidi ni mwanga. Mchana, kaa ukitazama mlango ulio wazi. Ukiupa mgongo, uso unaingia giza na kikaragosi kinaanza kutetemeka. Kwa usiku, taa ya duara yenye kisimamio haizidi sana shilingi 1,500.

iPhone ya mtumba. Tangu iPhone X ya mwaka 2017, simu zenye Face ID hurusha usoni zaidi ya nukta 30,000 za mwanga usioonekana, na programu hupokea vipimo 52 vya miondoko ya uso. Tofauti utaiona, hasa kwenye midomo na nyusi. Zile za zamani huuzwa takriban elfu ishirini. Kuwa macho: iPhone SE haina Face ID, hata ikiwa mpya kuliko X.

Usilipe kabla ya kusajili uso wako kwenye Face ID mbele ya muuzaji. Simu iliyowahi kubadilishwa kioo huenda sehemu hiyo imekufa, na kuitengeneza ni ghali. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa awali imeondolewa. Angalia pia afya ya betri: ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu bei ya betri mpya. Ukinunua Nairobi kwa sababu ya bei, ongeza nauli au ada ya kutumiwa mzigo, na ujiulize utairudisha vipi ikileta shida.

Laptopu na kamera ya USB. Kama laptopu ipo tayari nyumbani, kamera ya shilingi elfu mbili hivi pamoja na VSeeFace, programu ya bure, zitakutosha kuanza. Kama laptopu haipo, njia hii ndiyo ghali kuliko zote.

Sasa gharama zinazojificha.

Baadhi ya programu za simu hutuma miondoko kwenye kompyuta kwa dakika chache tu, kisha hukudai ulipie. Zijaribu kabla ya kutoa pesa. Kikaragosi cha kuchorewa na msanii kinaweza kuzidi bei ya simu, ilhali VRoid Studio hukuwezesha kukitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta bila malipo.

Kuunganisha simu na laptopu kwa waya hakuli bando. Kinachokula ni matangazo ya moja kwa moja: kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, saa moja humeza zaidi ya GB 1. Rekodi kwanza, upakie baadaye. Kazi hii pia hupasha simu moto na kumaliza chaji upesi, kwa hivyo stima ikipotea jioni huendi mbali.

Kelele za mvua ya alasiri kwenye mabati nazo ni gharama. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola husaidia, ila kurekodi asubuhi ni bure.

Simu ya kulipia kidogo kidogo ipigie hesabu nzima. Tuseme amana ni 5,000 na malipo ni 100 kwa siku kwa mwaka: jumla ni 41,500. Ukichelewa kulipa, simu inaweza kufungwa, na kazi inasimama.

Uamuzi wangu ni huu: nunua taa na maikrofoni, utumie simu uliyo nayo kwa mwezi mmoja, na utoe angalau video nane. Ukifika huko na bado unaona uso wa kikaragosi ndio unaokukwamisha, tafuta iPhone ya mtumba yenye Face ID nzima, uilipie taslimu. Kama hukufikisha video nane, sehemu kubwa ya elfu ishirini zako bado unayo.