Je, Wajua? Miwani ya Snuka

Je, wajua kwamba Fred Davis wa Uingereza alifika nusu fainali ya ubingwa wa dunia wa snuka mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 64? Miwani ilimsaidia sana. Mchezaji akiinama hadi kidevu kiguse fimbo, fremu ya kawaida humzuia kuona vizuri mpira wa mbali. Davis alivaa miwani ambayo vioo vyake viliweza kugeuzwa vilingane na macho yake alipoinama. Dennis Taylor naye alitwaa ubingwa wa 1985 akivaa vioo vilivyopandishwa juu, hata vikaonekana kama vimepinduliwa. Basi mzee wetu wa Kalemie unayecheza biliadi jioni, kabla hujaulaumu mkono wako, mwombe mpima macho akupime ukiwa umeinama.