GARI LINAPOKOHOA: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja. Kijiji hicho kina pikapu ya zamani. Mchana pikapu hiyo hubeba mahindi kwenda sokoni. Usiku hubeba wagonjwa na akina mama wajawazito kwenda hospitali. Siku moja, ikipanda mlima, injini ilianza kukohoa na kutetemeka. Nguvu ikapungua. Abiria wakashuka, wakaisukuma.

Dereva aliitwa kwenye halmashauri ya kijiji.

"Ndugu dereva, gari lina ugonjwa gani?" Mwenyekiti aliuliza.

"Labda ni kabureta, Ndugu Mwenyekiti. Au labda ni koili. Tununue vyote viwili."

"Labda si jibu," alisema Mwenyekiti. "Fedha hizi ni jasho la wanakijiji. Nenda ukapime, kisha urudi na jibu."

Mwenyekiti alisema kweli. Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Gari nalo ni hivyo hivyo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mafundi husema gari "linamisi". Pikapu nyingi za zamani za petroli zina injini ya silinda 4. Ndani ya kila silinda, pistoni hubana petroli iliyochanganyika na hewa. Kisha plagi hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 400.

Silinda moja isipowaka, tatu zinazobaki huvuta mzigo peke yake. Ni kama plau ya ng'ombe wanne, mmoja akiwa amelala. Tena petroli isiyowaka huosha oili ndani ya silinda. Injini huchakaa upesi. Kwa hiyo usiendelee kuliendesha gari hivyo.

Ili silinda iwake inahitaji vitu vitatu:
1. Cheche kwa wakati wake.
2. Petroli na hewa kwa kiasi chake.
3. Mbano wa kutosha.

Kazi yako ni kutafuta ni kipi kilichokosekana. Maelezo haya ni ya injini ya petroli yenye kabureta na distribyuta. Injini za dizeli, na magari ya kisasa yenye kompyuta, hupimwa kwa njia nyingine.

JIHADHARI KWANZA

Weka gari mahali tambarare, nje, penye hewa. Funga breki ya mkono. Toa gia. Weka mawe kwenye magurudumu. Usivute sigara. Nguo na mikono iwe mbali na feni na mkanda wake. Usishike waya wa plagi injini ikiwa inazunguka. Umeme wake ni maelfu ya volti.

TAFUTA SILINDA ILIYOLALA

Andika namba 1, 2, 3 na 4 kwenye vipande vya karatasi. Fungia kila waya wa plagi namba yake, ili usije ukazichanganya.

Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya huo. Ifunge plagi hiyo igusane na chuma cha injini, mbali na kabureta. Washa injini, usikilize.

Je, injini imezidi kutetemeka? Basi silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Je, hakuna kilichobadilika? Hiyo ndiyo iliyolala. Zima injini, rudisha waya, uende kwenye silinda inayofuata. Pima zote nne.

BADILI KITU KIMOJA TU

Umeipata silinda iliyolala. Injini ikishapoa, fungua plagi yake na uitazame:
- Rangi ya kahawia au kijivu: plagi ni nzima.
- Masizi meusi makavu: petroli imezidi, au chujio la hewa limeziba.
- Imelowa oili: pete za pistoni au sehemu za valvu zimechakaa.
- Imelowa petroli: huenda cheche haitoki.
- Kauri yake nyeupe imepasuka: plagi imekufa.

Sasa badilishana plagi hiyo na ya silinda nzima. Washa injini, upime tena. Ubovu ukihamia kwenye ile silinda nyingine, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, jaribu waya wa plagi mwingine. Usibadili vitu viwili kwa pamoja. Ukifanya hivyo hutajua ni kipi kilichoponya.

Usiku wa giza, injini ikiwaka, tazama waya zake bila kuzigusa. Ukiona vicheche vinarukia kwenye chuma, waya umepasuka.

Kama gari lilianza kumisi baada ya mvua au kuvuka mto, zima injini. Fungua kifuniko cha distribyuta, ukikaushe kwa kitambaa safi. Tazama kama kina ufa au mstari mweusi.

KAMA CHECHE NI NZURI

Zima injini. Toa waya mwembamba wa koili, ili cheche isitoke. Fungua plagi ya silinda iliyolala. Ziba tundu lake kwa kidole gumba. Mwenzako azungushe injini kwa stata. Upepo wenye nguvu unapaswa kukisukuma kidole. Ukiwa dhaifu kuliko wa silinda nyingine, usinunue plagi wala koili. Mpelekee fundi. Huenda valvu imeungua, au gasketi au pete za pistoni zimekwisha.

KAMA HAKUNA SILINDA MOJA ILIYOLALA

Wakati mwingine injini yote hukohoa ovyo, mara hapa mara pale. Hapo tazama mambo yanayohusu silinda zote. Pointi za distribyuta huungua, au nafasi kati yake hubadilika. Chujio la petroli huziba. Maji huingia kwenye petroli. Mpira wa hewa karibu na kabureta hupasuka na kutoa mlio wa "sss".

ANDIKA DAFTARINI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dereva wetu alichukua daftari. Aliandika tarehe, silinda aliyopima na alichokiona. Silinda ya 3 ndiyo iliyokuwa imelala. Plagi ilipohamishwa kwenye silinda ya 2, ubovu ulihamia huko. Kauri ya plagi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Alirudi kwenye halmashauri na daftari lake.

"Ndugu Mwenyekiti, si kabureta wala si koili. Ni plagi moja."

Plagi ilinunuliwa. Fedha za kabureta na koili zilibaki kwenye kasha la kijiji. Na usiku mama mjamzito alipohitaji kwenda hospitali, gari liliupanda mlima bila kusukumwa.

TUJADILI

1. Gari au mashine ya kusaga ya kijiji chenu ina daftari lake? Nani huandika?
2. Kwa nini si vizuri kubadili vitu viwili kwa pamoja?
3. Mara ya mwisho mliponunua spea, mlipima kwanza au mlibahatisha?