Kwa Nini Nchi Hutetemeka Katika Bonde la Ufa

Mkulima, kama shamba lako liko Subukia, Solai, Kinangop, Ol Kalou au kwingineko kando ya Bonde la Ufa, bila shaka umekwisha kusikia maneno mawili. La kwanza, kwamba nchi yetu inapasuka vipande viwili. La pili, kwamba heri mtu auze shamba lake mapema kabla halijamezwa. Neno la kwanza ni kweli. La pili si kweli, na anayekuambia hivyo huenda analitaka shamba yeye mwenyewe kwa bei ya chini. Basi yafaa ujue mambo haya yalivyo, ili uogope lile linalostahili kuogopwa tu.

Chini ya udongo tunaolima kuna gamba gumu la mwamba. Gamba hili si kitu kimoja, bali limekatika kuwa mabamba makubwa, na unene wa bamba chini ya bara mahali pengi hufika kilomita 100 na zaidi. Chini ya mabamba kuna mwamba wenye joto kali sana. Mwamba huo si uji wa moto, kama watu wengi wanavyodhani. Ni mgumu, lakini kwa ajili ya joto hujongea polepole mno, kama lami ambayo ukiigonga ni ngumu, ukiiacha juani hutambaa. Kwa hiyo mabamba hayatulii. Mjerumani Alfred Wegener alisema mwaka 1912 kwamba mabara husogea, na wataalamu wengi hawakumsadiki. Alikufa mwaka 1930, na ni katika miaka ya 1960, baada ya sakafu ya bahari kupimwa, ndipo wengi walipokubali.

Mabamba mengine hugongana. Mengine husuguana ubavu kwa ubavu, kama huko Uturuki, ambako tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 na mengine yaliyolifuata yaliua watu zaidi ya 50,000. Yetu hufanya jambo la tatu: huachana. Sehemu kubwa ya Afrika iko juu ya bamba liitwalo Nubia, na upande wa mashariki uko juu ya bamba liitwalo Somalia. Mtu wa Kericho na mtu wa Nyeri husogezwa mbali kila mwaka kwa milimita chache tu, kama ukucha unavyokua kwa mwezi mmoja. Tangu Mwingereza J. W. Gregory alipofika Baringo mwaka 1893 na kueleza kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto, bali lilizama katikati ya nyufa, halijapanuka hata hatua moja ya mtu mzima.

Jambo hili waweza kuwaonyesha watoto jikoni. Kanda unga wa chapati, uuache ukauke juu kidogo, kisha uuvute pande mbili polepole. Ngozi ya juu hupasuka mistari mistari, na katikati hupungua unene na kushuka. Ile mistari ndiyo miteremko mikali unayoiona ukishuka kutoka Kinangop kwenda Naivasha.

Sasa tetemeko latoka wapi? Pande mbili za ufa ndani ya mwamba zina makwaruzo, nazo hushikana. Ukisukuma gunia la mahindi juu ya sakafu mbaya, kwanza haliendi. Unazidi kusukuma, halafu linaruka mbele ghafula. Mwamba nao huvutwa miaka mingi, hujipinda kidogo kidogo, kisha siku moja huteleza kwa mara moja, na mshtuko huo husafiri pande zote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Subukia tarehe 6 Januari 1928. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 6.9, na ardhi ilipasuka kando ya mteremko wa Laikipia kwa urefu wa karibu kilomita 38. Mahali pengine upande mmoja ulishuka zaidi ya mita 2. Hakuna ajuaye tarehe ambayo mwamba utateleza tena, na mtu akikutajia siku, usimsikilize.

Milima ya moto nayo ina sababu hiyo hiyo. Bamba likivutwa na kupungua unene, uzito juu ya mwamba wa joto hupungua, na sehemu yake huyeyuka. Umajimaji huo hupanda katika nyufa ukiwa na mvuke ndani yake, kama soda inavyofurika ukifungua chupa. Longonot, Menengai na Suswa zilijengwa hivyo. Jirani zetu wameona kazi hiyo karibuni: Ol Doinyo Lengai huko Tanzania mwaka 2007, ambapo mitetemeko yake ilisikika hata Nairobi, na Nyiragongo huko Kongo mwaka 2002 na 2021. Lakini usisahau kwamba majivu ya milima hiyo ndiyo udongo unaolimwa mahali pengi katika bonde hili, na mvuke wa Olkaria umetoa umeme tangu mwaka 1981.

Ule mpasuko uliokata barabara karibu na Mai Mahiu mwezi wa Machi 2018 uliandikwa ng'ambo kana kwamba Afrika imekatika siku ile. Wataalamu wa miamba walieleza kwamba majivu laini yaliyojaza ufa wa zamani yalichukuliwa na maji ya mvua kubwa chini kwa chini, na ardhi ya juu ikaanguka. Hili lakuhusu. Tembea shambani baada ya mvua. Ukiona mstari unaobonyea, au shimo linalonywa maji bila kujaa, usielekeze mtaro huko, usijenge juu yake, wala usifunge ng'ombe hapo.

Tena, tetemeko lenyewe huua watu wachache. Ukuta ndio unaoua. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 tu liliangusha mamia ya nyumba na kuua watu zaidi ya 15. Nyumba ya fito na udongo hupinda, nayo mara nyingi hukupa nafasi ya kutoka. Nyumba ya mawe iliyojengwa kwa simiti haba haikupi. Ukijenga ya mawe, mwambie fundi aweke utepe wa chuma kati ya safu za mawe, na juu ya milango na madirisha amwage mkanda wa zege wenye vyuma, unaozunguka kuta zote bila kukatika pembeni, kisha afunge paa kwenye mkanda huo. Fundi atakuambia kwamba mkanda juu ya mlango peke yake watosha. Mkatalie, na uwepo siku ya kumwaga zege.