Sura ya Saba: Damu Inapopungukiwa Maji

Mwanamke amepandikizwa kiinitete Dar es Salaam, amepumzika siku chache kwa ndugu, kisha amepanda basi la Tunduma hadi kwao Ikinga, wilayani Ileje. Siku chache baadaye tumbo linajaa, gauni linabana, mkojo unapungua. Daktari wake yuko zaidi ya kilomita 900. Ovari zake zimechochewa kupita kiasi, na dalili zikianza siku kumi au zaidi baada ya sindano ya kukomaza mayai, kwa kawaida chanzo ni habari njema: mimba imeshika, nayo inamwaga homoni ya hCG.

Homoni hiyo huzifanya ovari zitoe protini iitwayo VEGF, inayolegeza kuta za mishipa midogo. Maji ya damu huvujia tumboni, chembe nyekundu hubaki. Damu inakuwa kama uji uliosahauliwa jikoni: unga uleule, maji yamekwenda. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hematokriti, asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu, na maabara ya kawaida hukiweza. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa 2016 unahesabu zaidi ya 45 kuwa hali kali, na zaidi ya 55 kuwa ya kutishia maisha.

Mtego uko hapa. Aliyeanza na 30 kwa kukosa madini ya chuma, jambo lisilo geni kwetu, akifika 39 karatasi itasema yuko sawa. Piga hesabu: theluthi nzima ya maji ya damu yake imevuja. Majibu ya kabla ya sindano ya kwanza ndiyo ya kubeba kwenye mkoba.

Sodiamu chini ya 135, potasiamu juu ya 5 na albumini chini ya gramu 35 kwa lita huonyesha ukali. Kreatinini husemea figo. D-dima, kipimo ghali cha damu kuganda, hunivutia kidogo hapa, kwani hupanda kwa mimba tu na kwa ugonjwa huu wenyewe. Afadhali kutazama shingo na mikono, ambako mabonge ya damu ya ugonjwa huu hupenda kujificha, kisha kupiga ultrasaundi.

Hematokriti ikishuka huku mkojo ukirudi, mgonjwa anapona. Ikishuka ghafla, tumbo likiuma na kizunguzungu kikimshika, huenda ovari inavuja damu, na hapo ni suala la chumba cha upasuaji.