Walidhani Amekwenda Nyumbani

Tarehe 13 Aprili 2015, mjini Seattle nchini Marekani, ndege yenye abiria 170 ilipaa mchana kuelekea Los Angeles. Haikufika mbali. Abiria walisikia mtu akigonga kwa nguvu chini ya sakafu. Rubani aliarifiwa, akageuza ndege na kutua pale pale alipotoka, baada ya dakika 14 tu hewani. Mlango wa chumba cha mizigo ulipofunguliwa, akatoka mpakia mizigo mmoja, mzima wa afya. Alikuwa amepitiwa na usingizi humo ndani. Aliposhtuka, ndege imekwisha kuondoka, akapiga simu ya dharura kwa simu yake ya mkononi na kugonga dari kwa nguvu zake zote.

Msomaji mpendwa, najua wengi mtacheka. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Lakini kuna jambo moja katika habari hii lililonifanya niache kucheka. Mtu yule alikuwa katika kikundi cha watu wanne. Kiongozi wao aliona kwamba mmoja hayupo. Alimwita ndani ya chumba cha mizigo, akampigia simu, akamtumia na ujumbe. Hakujibiwa. Kwa kuwa zamu ilikuwa inaisha, wenzake wakaona labda amekwisha kwenda nyumbani. Mlango ukafungwa.

Ebu fikiri, na huko nyumbani wakidhani bado yuko kazini!

Yaliyotokea Seattle si ya mtu mmoja peke yake. Tarehe 1 Januari 2017 mpakia mizigo mwingine alifungiwa ndegeni Charlotte, akasafiri zaidi ya saa nzima hadi karibu na Washington. Mwaka 2018 mwingine alitoka Kansas City hadi Chicago akiwa amelala. Huyo alikiri kwamba alikuwa amekunywa pombe. Na Desemba 2021 mpakia mizigo wa Mumbai, India, alisinzia nyuma ya mizigo, akaamkia Abu Dhabi. Madaktari walimpima wakamkuta salama, akarudishwa kwao.

Wote hawa walipona, na sababu ipo. Katika ndege nyingi za abiria, chumba cha mizigo hujazwa hewa kwa mgandamizo uleule wa huko juu waliko abiria. Ni kama mtu kukaa Njombe au juu kidogo zaidi ya hapo. Ni tofauti kabisa na wale vijana wanaojificha penye magurudumu, ambako hakuna hewa ya kutosha na baridi hupita nyuzi 50 chini ya sifuri. Wengi wao hufa. Hata hivyo chumba cha mizigo si mahali pa mtu. Masanduku yakihama, yanaweza kumponda. Moto ukitokea, mitambo hupuliza gesi ya kuuzima, wala mitambo haijui kwamba kuna mtu ndani.

Basi ni usingizi gani huo unaomlaza mtu juu ya masanduku, katika chumba kifupi ambacho katika ndege ya namna ile mtu mzima hawezi hata kusimama, hufanya kazi kwa magoti? Watu husema ni uvivu. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku nimezifanya kwa miaka mingi, na neno hilo silikubali upesi hivyo. Yule wa Seattle alipimwa dawa za kulevya, hakukutwa na kitu. Aliingia kazini saa 11 alfajiri na zamu yake ilikuwa iishe saa 8 na nusu mchana. Mtu wa kuingia saa 11 ameamka saa ngapi? Saa 9, pengine saa 10. Tena mwili una saa yake. Hulegea sana kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, kisha hulegea tena kidogo mchana, kuanzia kama saa 7 hadi saa 10. Ndege ile iliondoka katika muda huohuo.

Usingizi ni deni. Usipolipa leo, kesho unadaiwa zaidi, na siku moja mwili hujichukulia wenyewe bila kukuomba ruhusa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hufanya mambo kama aliyekunywa pombe. Macho yaweza kuwa wazi huku akili imelala kwa sekunde chache, naye mwenyewe asijue.

Hayo yamenipata. Usiku mmoja, baada ya kulaza wagonjwa, niliingia katika stoo ya mashuka kuchukua shuka mbili. Nikakaa juu ya furushi nifunge kamba ya kiatu. Nilishtuka kumekucha. Mwenzangu alidhani nimekwenda wodi ya pili kusaidia. Hakuna mgonjwa aliyedhurika, namshukuru Mungu, lakini usiku ule kulikuwa na mtoto mwenye dripu, nami mpaka leo nikikumbuka tumbo hunikata.

Tena sikuwa nimechoshwa na kazi peke yake. Mchana ule nilikuwa nimelala saa mbili tu. Bati lilikuwa moto, watoto wanacheza mlangoni, jirani kaja kuomba chumvi, kisha wageni, nami niliona haya kuonekana nimelala mchana kweupe.

Hapo ndipo habari hii ya ndege inapotuhusu sisi wake na akina mama. Wengi tuna waume wa zamu: wa bandarini, viwanja vya ndege, viwandani, walinzi. Baba anarudi asubuhi, nasi tunamwona yupo tu nyumbani. Mpeleke mtoto zahanati. Katengeneze bomba. Akilala tunasema analala sana. Dada zangu, usingizi wa mchana ni mfupi na mwepesi kuliko wa usiku, hata chumba kikiwa kimya. Tundika kitenge kizito dirishani. Simu yake ikae kwako. Watoto wapeleke upande wa pili wa nyumba, na jirani aambiwe bila aibu. Chai ya rangi na kahawa zisubiri aamke. Kabla hajatoka jioni, alale tena hata dakika 20. Na mkitaka kuzungumza habari za ada za shule, msianze saa ile anapovua viatu.

Kanisani nako tuna la kujifunza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 20 yupo kijana Eutiko, aliyelemewa na usingizi dirishani Paulo alipoendelea kusema mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Sioni mahali Paulo alipomkaripia. Alishuka, akamkumbatia. (Wahubiri wetu wa mikesha watanisamehe.)

Jambo jingine ni simu. Mjue mumeo anamaliza saa ngapi, na uwe na namba ya mwenzake mmoja wa zamu. Saa ikipita na simu yake haijibiwi, usiseme labda yuko kazini. Mpigie huyo mwenzake, amtafute kwa macho.

Katika wodi yetu, tangu usiku ule wa stoo, hatukabidhiani zamu mpaka kila mmoja ameitwa kwa jina na kuonekana. Vijana wapya huona kama mchezo wa shule ya chekechea. Nami nikifika nyumbani asubuhi nakuta kitenge kimekwisha tundikwa. Hukitundika Baba Neema mwenyewe kabla hajaenda kazini.