Kijana wa Mweso na masomo ya falsafa kambini

Wanaokimbia vita vya Masisi, mashariki mwa Kongo, hufundishwa kushona, useremala, kutengeneza sabuni. Miradi mingi ya misaada imezoea hivyo: mkimbizi apewe ufundi, apate kula. Ndiyo maana nilipoambiwa kuna mwalimu, mzaliwa wa Mweso, hukohuko Masisi, aliyesoma falsafa, maadili na dini za dunia ndani ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, jambo hilo halikunitoka kichwani. Nani aliona kwamba mtu aliyepokonywa shamba ana haja ya falsafa?

Walioona ni Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki. Mwaka 2010 walianzisha masomo kwa intaneti Dzaleka na katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, kisha Jordan. Diploma ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani: krediti 45, miaka kama 3. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013.

Mwalimu huyu hana haraka anaposimulia wiki moja ya masomo. Wanafunzi wote walipewa maandishi yaleyale wayasome, kisha swali moja. Kila mmoja aliandika jibu lake, akasoma ya wenzake, na alilazimika kuwajibu. Humo mlikuwa na Mkongomani wa Dzaleka, Msomali wa Kakuma, Mwiraki wa Amman. Aliyewasahihisha alikuwa profesa wa kujitolea ambaye hawakupata kumwona kwa macho. Swali ambalo mpaka leo analirudia ni hili: mtu aliyeamriwa kutenda uovu, lawama yake ni kiasi gani? Kwa wengine, anasema, lilikuwa swali la kitabuni. Yeye alikuwa akiwaona akilini vijana aliokaa nao dawati moja, waliochukuliwa na makundi yenye silaha. Aliandika, akafuta, akaandika tena, na huku nyuma mwingine akingoja zamu ya kompyuta. Jibu lililomtikisa lilitoka Kakuma, kwa mtu ambaye naye alikuwa na vijana wa namna hiyo kwao.

Kwetu alikuwa amekulia kwenye shule ya kunakili ubaoni. Hata Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa sehemu kubwa ni kuchagua jibu kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Sasa naye anafundisha, na mtoto akijibu, hata akiwa amepatia, humuuliza: umejuaje? Wazazi wengine walinung'unika kwamba anapoteza muda. Hajaacha.

Lakini diploma haikumfungulia lango. Dzaleka ilijengwa kwa watu kama 10,000. Leo imepita 50,000. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kuchuuza mijini warudi kambini. Msomi wa maadili atamfanyia nani kazi? Nyumbani nako, Januari 2024 makombora yaliua raia Mweso kwenyewe. Na kuna swali linalomuuma kuliko yote: kwa nini ilimbidi apoteze kwao ndipo apewe nafasi ya kusoma hivi?

Mimi naona amedai haki. Ninyi mnaopanga misaada ya elimu Masisi na Walikale, cherehani leteni, zinahitajika. Leteni na vitabu vya falsafa, historia na maadili, na walimu watakaowapa vijana heshima ya kuwauliza wanafikiri nini.